Acha Kumjengea Kasri Mtu Asiyekuja

Wasee, kila nikifungua simu siku hizi napata mtu ananiambia nijipende. "Wewe ni malkia. Wewe ni mfalme. Achana na wanaokuchukia." Nyuma kuna piano inalia polepole, chini kuna laiki elfu kumi. Kesho yake mtu huyo huyo anaposti gari ya kukodisha, juu anataka hao hao wanaomchukia waione.

Mimi natengeneza kontenti. Nakula kwa laiki, kwa hivyo hii biashara naijua kutoka jikoni. Na nasema hivi: hayo maneno matamu mnayouziwa si kujithamini. Ni kuomba sifa, tofauti ni kwamba imevaa nguo nzuri. Mtu anayejithamini na mtu anayetafuta kuthaminiwa wanaweza kufanana kabisa kwa picha, lakini mmoja analala usingizi na mwingine analala na simu mkononi akihesabu.

Kama wewe ni wa upande huu wa Nakuru, huhitaji kwenda mbali kuona hii kitu ikisimamishwa kwa mawe. Shika njia ya kutoka Nakuru kuja Njoro, ushukie Ngata, uende kwa kasri la Lord Egerton. Wengi wenu mmeshapigia picha hapo. Harusi zinafanywa hapo, watu wanashuti video hapo, kila mtu na pozi lake kwa ngazi. Sasa sikilizeni stori ya hizo ngazi.

Maurice Egerton alizaliwa Uingereza 1874, kwa familia ya mabwana wenye ardhi na jumba lao kule Cheshire. Alikuwa na kila kitu ambacho wewe na mimi tunaambiwa kinampa mtu thamani. Jina kubwa, pesa, cheo cha urithi. Alirusha ndege enzi zile ambazo ndege zilikuwa bado ni muujiza. Alikuja Kenya akapata ardhi kubwa hapa Njoro, na jinsi Wazungu walivyopata ardhi ya Bonde la Ufa sote tunajua, hakuna haja nizunguke.

Wanaotembeza wageni pale husimulia kwamba alimpenda mwanamke mmoja, akamleta aone nyumba yake ya kwanza. Mwanamke akaiangalia akasema ni kama kibanda cha kuku. Akaenda zake. Egerton akaamua kujenga kitu ambacho hakuna mtu angekiita kibanda. Sitakuapia kila neno la hiyo hadithi, stori za mapenzi hukua zikisimuliwa. Lakini kasri lenyewe si hadithi. Ujenzi ulianza 1938, vita vya pili vya dunia vikausimamisha, ukaisha 1954. Vyumba zaidi ya 50, ukumbi wa dansi, kila kitu. Na husimuliwa kwamba yule mwanamke hakuja kukaa. Egerton hakuoa, hakupata mtoto. Alikufa 1958, miaka minne tu baada ya kasri kuisha, na cheo cha familia kikazikwa naye. Husimuliwa pia kwamba uzeeni hakutaka kabisa kuona mwanamke kwa boma lake.

Hebu piga hesabu. Miaka 16 ya ujenzi. Vyumba zaidi ya 50 kwa mtu mmoja. Yote hayo, kama hadithi ni ya kweli, ni jibu la sentensi moja iliyosemwa na mtu ambaye hata hakungoja jibu. Kama mtu mwenye ndege na cheo angeweza kuvunjwa na neno "kibanda", basi tusidanganyane kwamba dawa ni kuongeza vitu. Vitu alikuwa navyo. Alichokosa ni uwezo wa kusikia "kibanda" na kubaki mtu mzima.

Kuna kitu kingine alijenga ambacho watu hawakipigii pozi. 1939 alianzisha shule ya kilimo hapa hapa Njoro. Ilikuwa ya vijana wa Kizungu, hatumpambi. Lakini shule hiyo ilikua, ikafunguliwa kwa Waafrika, na 1987 ikawa Chuo Kikuu cha Egerton. Maelfu wamesoma hapo. Kasri limebaki mahali pa kupigia picha. Shule imebaki kazi. Shikilia hiyo tofauti, nitairudia.

Sasa turudi kwetu, juu sisi tunajenga kasri kila wiki. Pita Njokerio wakati pesa ya HELB imeingia. Mtu hajalipa nyumba, hajanunua unga, lakini simu mpya iko mkononi Jumamosi. Mwingine amekopa kwa programu za simu ili aende bashi na viatu ambavyo atavaa mara mbili, halafu anaanza kukimbia simu za wanaodai. Msichana anajipaka mafuta ya kujichubua yasiyo na jina la aliyetengeneza, juu kuna mtu alimwambia ni mweusi sana. Kijana anabeti karo akitumaini atarudi mtaani na gari. Ukiwauliza, kila mmoja atakuambia anajipenda. Bana, unajipenda aje na unajichoma?

Na sisemi ni ujinga wao. Tulifunzwa. Tena tulifunzwa mapema na watu wanaotupenda.

Tangu 1985 mpaka 2023, mtoto wa Kenya akifika darasa la nane alikuwa anapewa namba. Mtoto wa miaka 13 ama 14. Siku ya matokeo kamera za runinga zilikuwa zinaenda kwa wale wa juu, wanabebwa juu juu, mama analia kwa furaha. Hakuna ubaya kumshangilia mtoto aliyefanya kazi. Lakini yule wa alama 210 alikuwa anaangalia runinga hiyo hiyo, sebule hiyo hiyo, na baba yake amenyamaza. Hakuna aliyemwambia chochote, na alielewa kila kitu. KCPE imeenda, lakini sebule bado ziko.

Halafu inakuja KCSE. Ya 2024 ilikuwa na watahiniwa zaidi ya 960,000. Waliopata C+ kwenda juu, ile alama ya kuingia chuo kikuu, walikuwa kama 246,000. Hiyo inamaanisha kwa mwaka mmoja tu tulichukua vijana zaidi ya 700,000 tukawaambia, bila kutamka, kwamba mlango mkubwa umefungwa. Sipingi mtihani. Daktari atakayenipasua nataka awe alifaulu. Ninachopinga ni kile tunachofanya na matokeo: tunachukua kipimo cha hesabu na kemia na kukifanya kipimo cha mtu. "Wewe ni wa D." Si ulipata D. Wewe ni wa D. Neno dogo, lakini mtu anaweza kuishi ndani yake miaka ishirini.

Mimi naijua hiyo kitu kwa ngozi yangu. Chuo niliacha mwaka wa pili, karo ilikataa kutosha. Nilipokuwa mwanafunzi, kwa mikutano ya familia nilikuwa natambulishwa: "Huyu ni wetu wa chuo kikuu." Nilipotoka, jamaa yangu mmoja alitambulisha watoto wote waliokuwa wamekaa kwa hiyo benchi, akafika kwangu akasema, "Na huyu pia yuko." Pia yuko! Akili yangu haikuwa imepungua hata kidogo kati ya mkutano wa kwanza na wa pili. Vitabu nilivyosoma bado vilikuwa kichwani. Kilichobadilika ni lebo. Hapo ndio niliona kwamba heshima niliyokuwa napewa haikuwa yangu hata siku moja. Ilikuwa ya chuo, mimi nilikuwa naishikilia kidogo.

Sasa kuna watu watasema: sawa, basi dawa ni tuwasifu watoto. Tuwaambie kila siku ni wa maana, ni wa ajabu, ni nyota. Hiyo nayo ilishajaribiwa. Mwaka 1986 jimbo la California kule Marekani liliunda jopo rasmi la serikali la kushughulikia kujithamini, likisukumwa na mbunge mmoja wa jimbo, John Vasconcellos. Matumaini yalikuwa kwamba ukipandisha watu kujithamini utapunguza uhalifu, madawa, mimba za mapema, kila kitu. Ripoti ikatoka 1990, na shule nyingi huko zikaingia kwa mambo ya kuwasifu watoto. Mwaka 2003 mwanasaikolojia Roy Baumeister na wenzake wakapitia utafiti mwingi uliokuwa umefanywa. Walichokuta ni kwamba kujiona vizuri hakukuwa kunamfanya mwanafunzi afaulu. Mara nyingi mambo yalikuwa kinyume: anayefanya vizuri ndiye baadaye anajiona vizuri. Lakini walikuta pia kwamba watu wanaojithamini huwa na furaha zaidi, na huwa na uthubutu wa kuanza jambo. Kwa hivyo kitu chenyewe kina maana. Kisichofanya kazi ni kukimwaga kwa maneno kama maji ya sukari.

Na mtoto si mjinga. Ukimwambia mchoro wake ni wa ajabu na anaona kwa macho yake farasi anafanana na kiti, anajifunza mambo mawili: kwamba unadanganya, na kwamba sifa ndiyo pesa ya nyumba hii.

Mwanasaikolojia wa zamani sana, William James, mwaka 1890 aliiweka kama hesabu ya sehemu. Juu weka mafanikio yako. Chini weka yale unayodai kuwa, yale unayotarajia. Gawanya. Jibu ndilo kujithamini kwako. Yaani unaweza kupanda kwa kuongeza ya juu, ama kwa kupunguza ya chini.

Hiyo hesabu naipenda, lakini nina swali moja: namba ya chini nani aliiandika? Kwa wengi wetu si sisi. Iliandikwa na mzazi aliyetaka daktari. Na mwalimu aliyekuwa anasema "angalia mtoto wa fulani". Na mtu wa mtandaoni wa miaka 22 anayesema kama hujajenga nyumba umelala. Sasa wewe ni kinyozi Njoro, mkono wako ni mzuri, watu wanatoka Elburgon kukujia, lakini jioni ukipiga hesabu unapata sifuri, juu unagawanya kwa ndoto ya mtu mwingine. Kwa hiyo hesabu huwezi kushinda hata ukinyoa mji mzima.

Kwa hivyo kujithamini, vile mimi naelewa, ni kuichukua hiyo kalamu. Si kuandika sifuri chini ili usifanye kazi. Hiyo ni uvivu. Ni kuandika namba yako mwenyewe, ya kweli, unayoweza kuitetea, halafu uifanyie kazi. Na ni kukubali kwamba siku umeshindwa bado wewe ni mtu wa kuheshimiwa, kuanzia na wewe mwenyewe. Umeshindwa kufanya kitu. Hujageuka kuwa kitu kilichoshindwa. Wahenga walisema kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Wahunzi walijua koleo ni koleo, mhunzi ni mhunzi.

Na hii kitu hupimwa siku mbaya. Pale kituo cha utafiti cha KALRO hapa Njoro, mbegu za ngano kutoka nchi nyingi huletwa na kupandwa ili zipigwe na kutu ya shina, ule ugonjwa wa Ug99 uliogunduliwa Uganda mwishoni mwa miaka ya 1990. Hawachagui ngano inayopendeza kwa picha. Wanaipanda katikati ya ugonjwa waone gani inasimama. Sasa wewe ukisema unajithamini na haujawahi kuachwa, kukataliwa kazi, ama kuchekwa kwa kundi la WhatsApp, bado haujapimwa. Ukishapimwa ukaumia sana, hiyo pia si aibu. Ni habari kuhusu mahali ulikuwa umeegemea.

Najua mwenye njaa ananiangalia vibaya. "Unaniambia nijithamini na sina fare?" Sawa, mwenzangu. Kujithamini hakulipi karo, mimi ni shahidi. Sitakuambia ufikirie vizuri ndio pesa ije, huo ni uongo unaouzwa na wale wa piano. Lakini angalia upande wa pili. Mtu anayejiona takataka ndiye anafanya kazi mwezi mzima bila kulipwa na kushukuru ati "ananijenga jina". Ndiye anapigwa na mpenzi wake na kusema "hakuna mwingine atanitaka". Ndiye anavuta kile kikundi kinavuta, juu kukataa ni kuachwa peke yake. Ndiye anakaa na bosi anayemshika shika. Umaskini unakupokonya vitu. Kujidharau kunakufanya uvipeane mwenyewe. Ndiyo sababu nasema hii si mambo ya watu wenye pesa na muda. Asiye na kitu ndiye anaihitaji zaidi, kwa sababu kila siku kuna mtu anajaribu kumnunua kwa bei ya chini.

Na kuna wale ambao si suala la kujithamini tena. Kama umelala wiki nzima huwezi kutoka kitandani, ama unafikiria kutokuwepo, hiyo si tabia, na hakuna posti yangu itakutibu. Ongea na mtu leo, enda hospitali, uulize mshauri. Mtu akivunjika mguu hatumwambii ajipende.

Sasa unaanza wapi? Mimi nakuambia uanze na kitu kidogo ambacho hakipigiki picha. Jiahidi jambo moja la ukubwa wa kawaida na ulitimize. Ukisema utaamka saa kumi na mbili, amka. Ukisema utamlipa mtu mia mbili zake Ijumaa, mlipe Ijumaa. Unajijengea ushahidi. Baada ya miezi michache hautahitaji mtu akuambie wewe ni wa kuaminika, utakuwa umejiona kwa macho yako. Jifunze kazi ya mkono ama ya kichwa mpaka ujue wewe mwenyewe, bila kuuliza, kwamba hii imetoka sawa. Ile shule na lile kasri, unakumbuka? Jenga kinachofanya kazi hata kama hakuna mgeni.

Halafu chagua watu wachache ambao neno lao linaweza kukuumiza. Watatu, wanne. Watu wanaokujua, wanaoweza kukuambia umekosea na bado wakakuwekea chai. Wengine wote waongee tu, hata wakikusifu. Hapo ndipo wengi wanakwama. Wanataka matusi ya wageni yasiwaingie lakini sifa za wageni ziwaingie. Haiwezekani. Ni mlango mmoja.

Na jifunze neno hapana. Hapana, siwezi kuchanga hiyo pesa, sina. Hapana, sitatuma hiyo picha. Hapana, usiniite hivyo hata kwa utani. Mara ya kwanza sauti itatetemeka. Sema ikitetemeka.

Wazazi, nyinyi nawaomba kitu kimoja kwa heshima. Siku mtoto analeta matokeo mabaya, kabla hamjauliza ya mtoto wa jirani, mwambieni akae ale. Kesho mtaongea juu ya alama, na muongee kweli, msipake rangi. Lakini usiku huo ajue sahani yake haikuwa inategemea mtihani.

Na nyinyi wenzangu wa kontenti, acheni. Mnajua vizuri mtu anayejithamini hashindi kwa ukurasa wako usiku wa manane. Ndio maana mnampa dozi ndogo ya "jipende" na juu yake mnaweka gari, mwili na nyumba ambazo hana. Mnampa jeraha na bandeji kwa video moja. Tukiweza kupunguza hata moja tu ya hizo mbili, tupunguze jeraha.

Wewe unayesoma, kabla ya kuposti leo usiku jiulize swali moja. Kama hii haingeonwa na mtu hata mmoja, ningeinunua? Ningeivaa? Ningekuwa na huyu? Kama jibu ni ndiyo, posti na ufurahie maisha yako, hakuna dhambi kupendeza. Kama jibu ni hapana, basi unachimba msingi wa kasri, na yule unayemjengea ameshasahau alikuita nini.

Wanaotaka kunitukana, karibuni. Namba yangu ya chini nimeiandika mwenyewe.